Nilivyopanga na kupangua feni za PC ili tu nisimwambie mama mkwe atoe kitambaa chake

Wakuu, poleni na majukumu ya kutwa. Nina kisa kimenikuta hapa Ifakara na sijaongeza chumvi hata punje. Mke wangu naye huwa anapita humu kusoma, kwa hiyo hata nikitaka kuwapiga chai nitaumbuka.

Mods, nawaomba uzi ubaki hapa hapa jukwaa la tech. Najua humu ndani kuna mama mkwe, lakini tatizo lenyewe lilikuwa airflow, mzunguko wa hewa ndani ya mashine. Msinihamishie kwenye Mahusiano.

Niwape picha kwanza.

Mimi ni Msukuma. Wazee wangu walihamia bonde hili na ng'ombe nikiwa bado mdogo, na wako Malinyi mpaka leo. Nimeoa Mndamba, binti wa watu wa Kivukoni, anaitwa Asteria, na tuna mtoto mmoja, Neema. Tunaishi Mlabani nyumbani kwa mama yake. Chumba cha mbele ndiyo studio yangu. Na-shoot na ku-edit harusi, send-off, kipaimara, misiba, chochote chenye watu na spika.

Sasa kwetu sisi mama mkwe ni mtu mzito.

Humtazami usoni. Hupigi naye stori. Ukimwona anakuja kwenye njia nyembamba, wewe unaingia kwenye majani anapita. Baba yangu mpaka leo akisikia sauti ya bibi mzaa mama anabadilisha njia, na bibi mwenyewe siku hizi hata haoni vizuri. Nimelelewa hivyo. Kwa hiyo kwa mama Asteria nilikuwa nasema shikamoo mama, halafu naangalia vidole vyangu vya miguu mpaka apite. Shida yoyote nampa Asteria apeleke. Nilijiona mkwe bora kata nzima.

Mashine yangu ni desktop niliyoiunga mwenyewe. Case nyeusi, kioo ubavuni, ina nafasi za feni mbele, nyuma na juu. Ilikuja na feni moja tu ya nyuma, na kwa harusi za kawaida ilikuwa inatosha.

Mambo yalianza pale kwaya ya kanisani ilipoamua kufanya jubilei.

Mama mkwe ndiye mlezi wa kwaya. Akasimama kwenye kikao akawaahidi wenzake kwamba video ya historia ya kwaya itatengenezwa na mkwe wake, na itaonyeshwa ukumbini siku ya sherehe. Mimi sikuulizwa. Asteria ndiye aliyeniletea taarifa, na akaniletea na ya pili: wajomba zake wanataka chumba cha mbele kiwe stoo ya mpunga msimu huu, na mama amewajibu wasubiri kwanza waone kazi inayofanyika mle ndani.

Kwa hiyo mnaelewa, wakuu. Video ikikwama, mama anaaibika mbele ya kwaya nzima, na mimi napisha magunia.

Basi mama, kwa furaha yake, akanifumia kitambaa.

Wale mliokulia nyumba za heshima mnajua. Pale kwetu redio ina kitambaa, TV ina kitambaa, friji, makochi, mpaka ndoo ya maji ya kunywa. Nilirudi kutoka kwenye shughuli nikakuta case nayo imevishwa. Uzi mweupe, maua ya waridi kwenye pembe, kimefunika juu kote na kushuka nyuma mpaka kwenye feni. Asteria alikuwa anacheka mwenyewe kwa raha. Nikamwambia amwambie mama asante.

Haikuchukua muda mashine ikaanza vituko. Naweka render, yaani mashine iunganishe video iwe faili moja, feni inaanza kulia, halafu screen nyeusi. Nawasha tena, yale yale. Kuangalia joto la processor, nyuzi tisini na ushee.

Nikatoa kitambaa, nikakikunja vizuri, nikaweka mezani. Nimeenda kula, kurudi nakuta kimerudishwa na kimenyooshwa. Nikatoa tena, kikarudi tena. Nikamwomba Asteria akaongee na mama yake. Akanijibu kwamba yule ni mama mkwe wangu, kitambaa ni changu na mdomo ninao.

Hapo mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angeenda kuongea.

Mimi niliagiza feni Dar.

Zikaja na basi, boksi zima, zile zenye taa za rangi rangi. Ushauri wa bure: usinunue feni kwa kuangalia taa. Hizi zilikuwa hazina hata waya wa kwenda kwenye motherboard, unazichomeka moja kwa moja kwenye power supply na zinazunguka kwa nguvu zote kuanzia unapowasha mpaka unapozima. Nikajaza kila nafasi. Mbele zinaingiza upepo, nyuma inatoa, juu zinatoa. Kwa kanuni nilikuwa sahihi kabisa, maana hewa ya moto inapanda.

Ila juu pana kitambaa.

Nilipowasha, kitambaa kikavimba kama andazi. Pembe zikawa zinapepea, maua yanacheza. Mama akachungulia mlangoni, akakiona kinataka kuruka, akaenda kuleta chombo cha maua ya plastiki akakiweka juu kishikilie. Joto likarudi pale pale. Kesho yake chombo kikatetemeka mpaka kikaanguka. Mama akaleta kitu kizito zaidi.

Akaleta picha ya baba mkwe.

Marehemu alifanya kazi kwenye kivuko enzi zile watu wanavuka Mto Kilombero kwa pantoni, kabla daraja halijajengwa. Kwenye picha amesimama na kofia yake, hacheki. Fremu ni ya mninga, inabebwa kwa mikono miwili. Sasa hata ile ya kutoa kitambaa kwa siri ikafa. Utamshushaje baba mkwe chini? Nika-edit siku nzima marehemu ananiangalia kila ninapokata clip.

Nikapanga upya. Safari hii nikasema kama juu pameziba, basi feni zote ziingize, upepo utajijua wenyewe. Wakuu, upepo haujijui. Ukiingiza kila upande bila kuupa pa kutokea, feni zinasukumana tu na kelele zinaongezeka. Halafu nyumba ya pili kuna mashine ya kukoboa mpunga. Vumbi la pumba lote la Mlabani likahamia kwenye case yangu. Nilipofungua kioo nilipiga chafya mpaka Neema akaja kuniangalia.

Siku hiyo hiyo mama alikuwa amekuja kurekodi sauti ya kusimulia historia ya kwaya. Anasoma vizuri sana, ana sauti ya mtu aliyeimba ujana wake wote. Mimi nimemwekea mic, naangalia sakafu. Tulipoisikiliza, ilikuwa kama anasimulia akiwa amekaa juu ya trekta. Jioni Asteria akaniambia mama amemuuliza kama kweli sauti yake imezeeka kiasi kile.

Iliniuma, sitaki kudanganya. Sauti haikuwa na tatizo lolote. Feni zangu ndizo zilizokuwa na tatizo, na mimi mwenye feni nilikuwa nimekaa kimya.

Na bado sikwenda kuongea naye. Nilipangua feni mara nyingine.

Niliona nigeuze za juu ziwe zinavuta upepo kwenda chini. Kitambaa cha kufuma kina matundu, hewa si itapita? Na kitalala chini kwa adabu, hakitavimba. Ili upepo usibanwe nikatoa na ule wavu wa juu wa case. Nikabakiza ya nyuma itoe. Nikawasha, joto likashuka kidogo. Nikajiona injinia. Nikaweka render ya video nzima, jubilei ikiwa Jumapili ile, nikakaa na chai yangu mchana ule wa Ijumaa.

Ikasikika krrr. Kimya. Krrr tena.

Kuangalia kwenye kioo, feni ya juu imekamata uzi. Na nyie mnajua kitambaa cha kufuma kikishikwa uzi mmoja. Kilikuwa kinafumuka mbele ya macho yangu. Feni inazungusha uzi mweupe kama mtu anayekunja mpira wa nyuzi, na taa zinabadilika nyekundu, kijani, bluu. Ua la kwanza likaingia. La pili likaingia. Kitambaa kinajikunja, na baba mkwe anasogea pembeni kidogo kidogo kuelekea sakafuni.

Nikaruka nikamdaka. Mikono yote miwili imeshika fremu, sina mkono wa kuzimia. Feni ya pili ikajiunga, mashine ikaanza kupiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia.

Mlango ukafunguliwa. Mama.

Akaangalia mashine. Akaniangalia mimi nimemkumbatia mume wake. Akatembea taratibu mpaka ukutani akazima swichi.

"Baba Neema," akasema, "hii mashine ina nini?"

Nikataka kuangalia vidole vya miguu kama kawaida, ila fremu ilikuwa imeviziba. Nikajikuta namwangalia usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo nilikuwa silijui.

"Mama, kitambaa kinaiziba pumzi," nikasema. "Moto wake unatokea juu. Naomba kisikae pale."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipokiweka."

Akavuta stuli akakaa. Nikajua sasa magunia yanaingia.

"Umekaa kwangu miaka yote hii hujawahi kuniomba kitu," akasema. "Hata maji ya kunywa unamtuma mwenzako. Nilijua hunitaki."

Nikaanza kujieleza, maneno yanagongana. Nikamwambia kwetu mkwe haongeleshwi ovyo, nikamwambia habari za kuingia kwenye majani, nikamwambia habari za baba yangu na bibi asiyeona. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi na khanga, huku mimi bado nimebeba fremu.

"Kile kitambaa nilikifuma ili useme neno," akasema. "Hata la kukikataa."

Wakuu, nilitamani feni zirudi kulia ili nisisikike nikivuta makamasi.

Tulikaa wote pale chini. Yeye anachomoa nyuzi kwenye mapanga ya feni kwa sindano yake ya kufumia, mimi nafungua skrubu kwa bisibisi. Hapo ndipo nikapanga feni kama inavyotakiwa, na mpangilio wenyewe ni mwepesi mpaka unatia aibu. Mbele mbili zinaingiza. Nyuma moja inatoa. Juu nimeacha moja tu, kule karibu na nyuma, inatoa. Zilizobaki nimezirudisha kwenye boksi.

Kwa wageni wa mambo haya: upande wa feni wenye vile vimkono vinavyoshikilia mota ndiko upepo unakotokea. Usibahatishe, weka kipande cha karatasi uone kinavutwa au kinasukumwa.

Kwa kelele, mbele nilibadilisha nikaweka feni kubwa zinazokwenda taratibu, zina waya nne, nimezikopa kwa fundi mmoja hapa mjini. Zinachomekwa kwenye motherboard na unaziwekea kwenye BIOS ziongeze mwendo pale tu joto likipanda. Feni kubwa ya mwendo mdogo inasukuma upepo sawa na ndogo inayopiga mayowe. Na kwa vumbi la pumba, nilimwomba mama kipande cha chandarua chakavu. Nilimwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akakishona na lastiki pembeni, kinavaa mbele ya case, kikichafuka unakivua unakikung'uta.

Tukarekodi sauti upya. Aliposikiliza alifumba macho, akaomba nirudie kipande cha mwanzo.

Render iliisha bila kuzima. Jumapili ukumbi ulijaa, na sauti ya mama ilipoanza kusikika wanakwaya wa zamani walishikana mikono. Wajomba walikuwepo. Mmoja alinifuata akaniuliza kama naweza kurekodi harusi ya binti yake. Mpunga umepelekwa kwake.

Mabaki ya kitambaa mama ameyafuma upya, kimekuwa kidogo. Siku hizi kabla hajafunika kitu chochote ndani ya nyumba anakuja kuniuliza kama nacho kinapumua. Juzi ameniuliza kuhusu pasi.

Nilichojifunza mimi ni kwamba hakuna feni ya kutatua jambo linalotaka kusemwa. Case inahitaji upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea, na mimi nilikuwa nimeziba pa kutokea kwangu mwenyewe nikidhani ni adabu. Heshima ya mkwe bado naishika. Ila nimegundua inaweza kuongea.

Wajuzi wa feni nisaidieni: ile ya nyuma, ya zamani, imeanza kugonga tik tik ikiwa ya baridi, ikipata moto inanyamaza. Ni bearing, au niiwekee mafuta ya cherehani kwanza? Na nyie mlioolea makabila mengine, semeni mliishije na wakwe mwanzoni, nicheke na mimi.

Nitajibu baadaye kidogo. Mama amenipitishia uji hapa mezani, na haujakolea sukari. Nakwenda kumwomba aongeze.