Aliyefungwa Kidonda Mwisho

Wodini walimwita Sista Sabuni, na wala halikuwa jina la kumsifu. Wenzake walilibuni siku alipomrudisha daktari bingwa mlangoni, mbele ya wanafunzi wake, eti akanawe kwanza. Daktari akaenda kunawa, akarudi na mikono mikavu vilevile, maana bomba lilikohoa tu. Juu ya bomba hilo palibandikwa bango la mikono miwili ikinawa, na kusema kweli, maji ya kwenye bango ndiyo pekee ambayo hayakuwahi kukatika.

Kwa hiyo alijaza ndoo mwenyewe kila alipoingia zamu. Alikuwa mtu wa utaratibu hadi kero. Toroli lake la kufungia vidonda lilikuwa na mwendo mmoja: kidonda kisafi kwanza, chenye usaha mwisho, ili uchafu wa mgonjwa mmoja usipande toroli kumfuata mwingine. Aliwakaririsha wanafunzi wa uuguzi hadi mmoja akalalamika kwamba siku hizi hata kwao anaosha vyombo kwa woga, glasi kwanza, sufuria mwisho.

Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, akajifungulia hospitali hiyohiyo, kwa upasuaji. Akapata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya dalali wa mnada.

"Nimekukabidhi mdogo wako," mama yao alimwambia kwenye simu. "Mimi miguu hainifikishi huko. Huko wewe ndiye mimi."

"Usihofu, mama. Nipo."

Balaa lilianza na maneno. Kitanda cha pili kutoka kwa mdogo wake alilazwa mama mmoja aliyepasuliwa jipu la paja. Paja lilimuuma, mdomo ulikuwa mzima kabisa.

"Leo ataanza na nani, jamani? Tubashiri," alisema toroli lilipotokeza. "Mimi dau langu kwa mdogo mtu."

"Wa kwake kwanza, sisi wa Mungu baadaye!" akadakia wa kule dirishani. Wodi ikaangua kicheko.

"Nafuata kidonda, mama, sifuati undugu."

"Ndiyo, ila mbona kidonda chenyewe kinafanana na wewe?"

Mchana, mkuu wa wodi akamwita pembeni. "Sista, maneno yameshafika kwangu. Sitaki yafike juu." Afanye nini, hakusema. Wakubwa ndivyo walivyo, wanakuonyesha shimo halafu wanakutakia safari njema.

Angeweza kueleza tena. Lakini alikuwa amechoka kuchekwa. Kesho yake alisukuma toroli, akampita mdogo wake bila kumtazama.

"Dada, umenipita."

"Subiri zamu yako kama wenzako," akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi chooni.

"Hapo sasa!" Mama wa jipu akapiga makofi. "Huyo ndiye sista, haki bin haki!" Na Sista Sabuni, Mungu amsamehe, akajisikia vizuri.

Akaenda kitanda kwa kitanda. Akamfunga mama wa jipu, usaha hadi kwenye shuka. Aliponyoosha mkono kuchukua kifurushi kingine cha vifaa vilivyochemshwa, hakukuta kitu. Mashine ya kuchemshia ilikuwa mbovu tangu juzi. Ndoo nayo ilibaki na maji ya kulowesha kucha tu.

Chumba cha upasuaji hawakosi kifurushi kimoja, akawaza. Lakini aliyebaki ni ndugu yake peke yake, na masikio yake yalishaanza kusikia: kwa mdogo mtu vifaa vinafuatwa mpaka kwa madaktari! Akasimama pale, macho ya wodi nzima mgongoni. Akabadilisha glavu. Kile kibano alichotoka kukitumia kwenye jipu akakifuta kwa spiriti, akakifuta tena, kana kwamba kufuta ndiko kuchemsha. Kisha akafunua mshono wa mdogo wake, mkavu, mzuri, akausafisha.

Homa ikaja kabla kitambaa cha kidonda hakijabadilishwa tena. Harufu ikafuata. Mshono ukaachia, tumbo likavimba, wakamrudisha chumba cha upasuaji wakamtoa kizazi ili wapate kumwokoa yeye. Yule dalali wa mnada ndiye alikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Mama wa jipu aliruhusiwa kwenda nyumbani wiki hiyohiyo, paja limejifunga. Alipita kuaga akiwa na machozi ya kweli. "Pole, sista. Wewe hukumpendelea mtu, Mungu anaona."

"Bora ningempendelea," akasema.

"Usikufuru, mwanangu," mama wa jipu akampigapiga begani, akaondoka.

Kwenye simu mama yake alilia, akashukuru, akalia tena. "Bila wewe hapo, huyu tungemzika." Sista Sabuni akakata simu akisingizia mtandao.

Mdogo wake alipopata nguvu ya kuongea, sharti lake lilikuwa moja: asiguswe na muuguzi mwingine. "Hawa wengine siwaamini. Nataka mikono yako."

Sista Sabuni akafunga pazia. "Mdogo wangu, nisikilize. Ni mimi. Siku ile nilikufunga mwisho, kwa kibano kilichotoka kwenye jipu. Nilijua."

Mdogo mtu alimtazama, kisha akacheka kidogo, mkono tumboni kwa maumivu. "We dada na usafi wako! Unatafuta kosa mpaka kwenye spiriti. Kama wewe Sabuni ndiye umeniambukiza, basi duniani hakuna msafi. Hebu nifunge, mtoto anataka kunyonya."

"Sikutanii."

"Najua umechoka. Funga."

Akanawa, akavaa glavu mpya, akafungua kifurushi kipya. Akaondoa shashi taratibu. Kidonda kilikuwa wazi, chekundu, kirefu. Machozi yakamjia ghafla, akageuza uso upesi yasidondokee humo.