Siku Niliyomtaja Baba Mkwe kwenye Kipaza Sauti

Jamani, hili nalisimulia huku nimeinamisha uso, na kama kungekuwa na njia ya kulifuta vichwani mwa wote waliokuwa ukumbini siku ile ningelifuta, ila Kahama ni ndogo, mpaka leo nikiwa kizimbani kwangu soko la Nyasubi (nauza dagaa na vitunguu) kuna watu wananiita Almasi halafu wanacheka.

Almasi ni cheo. Kilikuwa cha kampuni ya majani ya chai ya kusafisha damu, iliyoletwa pale sokoni na dada mmoja aitwaye Madam Stella, mrembo, anaongea taratibu kama mtu ambaye hajawahi kudaiwa kodi ya nyumba. Ukijiunga unanunua maboksi ya chai, halafu unaleta watu, nao wanunue, nao walete watu, na kila anayeingia chini yako unapata chako. Mwanzoni nilipata kweli. Nilimleta jirani yangu na muuza mitumba mmoja, hela ikaingia kwenye simu, nikaona nimeshatoka kimaisha. Mume wangu, ambaye yuko machimboni huko Bulyanhulu na huja nyumbani mwisho wa mwezi, aliniuliza kitu kimoja tu, hiyo chai nani anainywa, nikamwambia hajui mambo ya biashara (mimi mwenyewe nimeishia la saba). Lakini ukweli hakuna aliyekuwa anainywa. Maboksi yangu yalikuwa chini ya kitanda changu, ya jirani yalikuwa chini ya kitanda chake, na sikuwahi kumwona mteja aliyekuja kutafuta chai tu. Hilo nililiona kwa macho yangu nikalipita.

Basi, ikabaki mtu mmoja nipande Almasi, na sokoni nilikuwa nimewamaliza wote, wengine wakiniona kwa mbali wanageukia ukutani. Madam Stella akanishauri niende kwa wanaonipenda, maana hao hawaulizi maswali. Mtu mwenye akili angekimbia hapo hapo. Mimi nikampigia simu baba mkwe, kijijini kwake kule Kishapu.

Mzee yule alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na kwa maneno yangu tu, bila kuuliza hata hiyo chai inafananaje, akampeleka mmoja mnadani. Maksai mmoja havuti plau peke yake, hilo nalijua tangu utotoni, nimekulia kwenye pamba, ila nilijiambia kabla ya mvua atakuwa na wanne.

Sherehe ikafanyika ukumbini mjini Kahama. Nimeshona gauni la kung'aa, baba mkwe amekuja na basi akiwa na koti lake la kanisani, ameketi mstari wa mbele pamoja na wifi yangu. Kumbe utaratibu wao ni kwamba anayepanda cheo anashika kipaza sauti anawataja walio chini yake mmoja mmoja, anayetajwa anasimama, watu wanapiga makofi. Sasa kwetu Wasukuma, sisi tuliolelewa kizamani, mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hata awe peke yake jikoni (kuna kijana wa jirani ana jina hilo hilo, miaka yote mimi namwita "wewe"). Nikawataja wengine vizuri, nilipofika kwake nikamwita kwa jina la mwanangu, nikasema, na babu yake Kulwa.

Madam Stella akanisogelea akitabasamu. "Jina kamili, Almasi. Watu wako usiwafiche."

Nikarudia babu yake Kulwa, sauti imepungua. Watu wakaanza kucheka wakidhani nimesahau, wa nyuma wakapiga makofi ya kunihimiza, jasho linanitiririka ndani ya gauni, na bado ningeweza kukiweka kile kipaza sauti mezani nikashuka zangu. Sikushuka. Nililitamka, jina lake na la baba yake (hapa siliandiki, mnisamehe), nikaongeza kwamba yupo chini yangu, na spika zikalirusha mpaka barabarani. Wifi akajifunika uso kwa kanga. Mzee akasimama, maana ameitwa, akasimama wima huku watu wasiomjua wakimpigia makofi, kisha akachukua kofia yake akatoka. Nami nilibaki jukwaani navalishwa mkanda wa Almasi.

Haikuchukua muda namba ya Madam Stella ikawa haipatikani. Niliowaleta wakaja kizimbani kwangu, maana yeye hawamjui, wananijua mimi. Nikaelewa kwamba kilichokuwa kinauzwa muda wote ule ni imani ya watu wangu kwangu, na muuzaji nilikuwa mimi mwenyewe. Niliona uchungu ambao siwezi kuueleza.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaenda Kishapu. Nilimkuta mzee shambani na jembe la mkono, kwa umri ule, majirani wanapita na plau zao, na maksai wake aliyebaki amefungwa pembeni anakula majani. Nikapiga magoti kwenye tope nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikaanza kulia na kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Ng'wanawane," akasema, ndiyo mwanangu kwa Kisukuma, "ungeniambia tu una shida. Ningekupa huyo ng'ombe."

Akaendelea kulima. Nikatafuta jembe, nikaanza mstari wa pembeni yake, tukalima mpaka jua linazama.

Tangu hapo kila msimu nafunga kizimba naenda kulima. Kwa hiyo mtu akinijia na biashara ambayo faida yake haiji mpaka nilete watu, hata awe ameshika hela mkononi, simsikilizi; namwambia anipishe niwahi basi, kuna shamba la mtu Kishapu ambalo natakiwa kulilima maisha yangu yote.