Mama Kadi na Penseli Zake

Saa mbili asubuhi, mtafsiri wa barua anachomoa kadi kutoka kwenye boksi la viatu na kuisogeza hadi karibu iguse pua. Kisha anasonya.

"Soma wewe, mwanangu. Macho yamenisusa."

Binti yake, fundi cherehani wa chumba cha pili, anaacha kushona na kuja. Kadi ni ya neno la Kiingereza "run". Kukimbia. Kuendesha biashara. Kugombea uongozi. Maji kutiririka, rangi kuchuja. Mistari ni thelathini na minane, kila mmoja na tarehe na mteja aliyeuleta.

"Neno la Kiingereza ni kama mgeni," anasema Mama Kadi, jina alilobandikwa na wateja. "Anaingia na kimfuko kimoja. Ukija kushtuka, mizigo yake imejaa nyumba nzima!"

Anataja "tablet". Miaka thelathini na mmoja iliyopita, alipoanza kazi, alijua kibao cha kuandikia na kidonge tu. Kishikwambi kilimfikia baadaye sana, katika barua ya mwalimu.

Kadi zote, zaidi ya elfu mbili, aliziandika kwa penseli. Wino aliukataa katakata. Maana hazitulii, alisema, utazifungaje? Sasa penseli imefifia, naye ana mtoto wa jicho. Zamani alimaliza kurasa kumi kwa siku. Siku hizi akimaliza tatu, anamshukuru Mungu.

Mwezi uliopita muuza vitambaa alileta onyo la kiwandani. Mama Kadi aliona mstari wa juu tu wa kadi hii, akaandika kwamba rangi ya kitambaa itakimbia. Mteja alirudi akicheka: "Mama, kweli imekimbia. Imejificha kwenye mashuka ya watu!"

"Yeye alicheka," anasema. "Mimi nililia."

Tangu siku hiyo binti anamsihi wapitishe wino juu ya penseli. Operesheni ni Jumatatu. "Ikishindikana je, mama? Yote haya yapotee?" Mama aligoma wiki mbili. Juzi akakubali. "Naogopa," anakiri. "Mtu asikudanganye, naogopa sana."

Binti anamaliza kuipitia "run" kwa wino, neno kwa neno, hadi chini kabisa.

"Nipige mstari wa kufunga?"

"Thubutu! Igeuze, nyuma kuna nafasi. Jumanne wakinifungua bandeji, niletee hiyohiyo. Na penseli."