Mwanangu Alinipa Ua Akidhani Mimi ni Shangazi wa Shuleni

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa. Wanangu, hamjambo. Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, naishi Mabogini, nina kajaruba kangu ka mpunga. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa huku tambarare, nikazaliwa kambini kwa wakata miwa. Nikaolewa Rau, kwenye familia ya kahawa na migomba. Mume wangu alikuwa karani mjini Moshi, mpole mno, mama yake akisema kaa, anakaa. Tulipata mtoto wa kiume, hapa nitamwita Baraka. Mimba ya pili ikaharibika, nikaumwa karibu kufa, mume wangu akanipeleka kambini nikauguzwe na mama yangu. Baraka alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akabaki kwa bibi yake.

Nilipopona nikarudi. Mama mkwe alinikuta njiani kabla sijaingia kihambani, shamba lao la migomba penye nyumba. "Rudi ulikotoka. Mtoto ni wa ukoo huu. Wewe wa kambi ya miwa hatukukuomba." Mume wangu alisimama nyuma yake, anaangalia viatu vyake. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akasema, "Mama, hayo ni ya ukoo, myamalize wenyewe." Enzi hizo za Ujamaa tuliimba kwamba binadamu wote ni sawa, ila mimi sikumpata wa kunisemea.

Miaka ikapita. Baraka akaanza shule ya vidudu, ndiyo hii mnayoita chekechea. Mwalimu wake, nitamwita Mwalimu Aikande, alikuwa rafiki yangu tangu nilipoolewa. Akamtuma mama mmoja muuza mchele aniambie hivi: "Kuna mwezi wa wazazi. Kila Jumatano familia zinakuja kushiriki na watoto. Njoo, sitamfukuza mzazi yeyote."

Jumatano ya kwanza ilikuwa ya kupika. Nilifika miguu imejaa vumbi, nikakaa jikoni na akina mama tunamenya ndizi. Wengine walinijua, wakajifanya hawanijui. Watoto wakaja kukoroga kiburu, zile ndizi za maharage, na mmoja akasimama mbele yangu, macho ya baba yake, masikio ya baba yangu. "Shangazi, naomba na mimi nikoroge." Nikampa mwiko. Akakoroga, nami nikamshikia sufuria.

Jumatano iliyofuata ilikuwa ya akina baba, kutengeneza vitu vya kuchezea. Mume wangu hakuja. Baraka alikaa peke yake na kipande chake cha mgomba, basi nikachukua kisu, tukachonga gari, yeye na mimi. Alicheka mpaka akapaliwa. Akaniambia wewe shangazi unajua magari kuliko baba wa Eli. Siku ile nilirudi kambini naimba njia nzima.

Ya tatu ilikuwa ya mababu na mabibi, wakawafundishe watoto nyimbo za Kichagga. Mwalimu alinionya nisije maana mama mkwe angekuwepo, nikabaki kambini, sikumeza kitu.

Jumatano ya mwisho watoto waliimba mbele ya familia zao. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nimejifunika khanga. Mama mkwe alikaa mbele. Walipomaliza, Mwalimu akawaambia kila mtoto ampelekee mama yake ua alilotengeneza kwa karatasi. Baraka alizunguka zunguka, akampita bibi yake, akaja mpaka kwangu.

"Shangazi, shika wewe. Bibi alisema mama yangu alikufa."

Nilitaka kusema, Mungu ananiona. Nikamwangalia Mwalimu Aikande, akawa ameinamisha kichwa, maana kazi yake ilikuwa mikononi mwa wakubwa wa ukoo ule. Nikamwangalia mtoto, anatabasamu. Ningemwambiaje pale mbele ya watu kwamba marehemu ndiye huyu? Mama mkwe akaja taratibu, akamshika mkono. "Ahsante kwa kumsaidia mtoto wa watu," akaniambia, kwa adabu kabisa, kama mtu na mgeni. Wakaondoka. Wiki iliyofuata Mwalimu akanipa habari kwamba mtoto amehamishiwa Arusha kwa ndugu zao. Sikumwona tena utotoni mwake.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu mume wangu yule amefariki, na kabla hajafa akamwambia Baraka kwamba niko hai. Mwanangu amenitafuta. Alikuja hapa Mabogini, mtu mzima ana mvi, akapiga magoti akasema, "Shikamoo mama." Nililia hadi majirani wakaja. Kisha akaniuliza, "Mama, Bibi anasema ulinitupa ukaenda zako, ndiyo maana akaniambia umekufa, nisiumie. Ni kweli?"

Nikasema tutaongea.

Bibi yake bado yupo. Amepita miaka tisini, haoni, hainuki kitandani, yuko nyumbani kwa Baraka huko Rau na Baraka ndiye anamlisha kwa kijiko. Anampenda bibi yule kuliko kitu chochote. Juzi mke wa Baraka alinipigia simu kwa siri. "Mama, Bibi ameniomba nikwambie, usimwambie mtoto. Anasema, niacheni nife nikiwa bibi yake."

Krismasi wanakuja kunichukua nikale nao Rau, nikae nyumba moja na yule mama. Baraka ameshasema siku hiyo anataka jibu lake. Nikisema kweli, namvunjia mama pekee aliyemjua, na yule kikongwe hana hata nguvu ya kujitetea. Nikinyamaza, nitakufa mwanangu akiamini nilimtupa.

Wanangu, ninyi mliosoma na mlio na mama zenu, niambieni. Atakaponiuliza tena, nimjibu nini?