Mama wa Kitanda cha Saba

Nilimwona mara ya kwanza Jumatatu asubuhi, nikipiga deki wodi ya watoto. Aliingia na binti wa miaka minne mgongoni, kitambaa amekifunga vibaya, fundo liko kooni. Akakanyaga palipolowa, akateleza, akadaka kitanda.

"Samahani kaka, nimekuharibia."

Mimi si mwepesi wa maneno. Nilipiga deki upya.

Alikuwa fundi wa mageti. Binti alikuwa na saratani ya figo, tumbo limejaa upande mmoja. Mkewe alikuwa nyumbani, kajifungua kwa upasuaji wiki ileile, hata kusimama hawezi. Na kwa kanuni ya wodi ile, mlezi wa kulala na mtoto alikuwa mama tu. Akina baba walikuja saa ya kuona wagonjwa tu. Sista mkuu akampa wiki mbili atafute mwanamke wa kumpokea.

"Mama hawezi, lete shangazi au bibi."

"Shangazi hana, sista. Bibi tumeshamzika. Na huyu dawa anameza mkononi mwangu tu."

"Sasa utalala wapi na hawa wanawake?"

"Chini. Nitageukia ukutani."

Wanawake walicheka. Mama wa kitanda cha sita akamuuliza, "Mwenzetu, unanyonyesha saa ngapi?"

"Maziwa hayajashuka, dada. Nivumilie."

Basi wauguzi wakawa wanaita, "Mama kitanda cha saba!" Mwanamume huitika naam. Yeye aliitika, "Abee," huku akikunja nguo za mtoto.

Kila asubuhi alizungusha futi yake ya kazini, ule utepe wa kupimia mageti, kwenye tumbo la mtoto, akaandika kipimo ukutani kwa chaki. Siku ya kumi na tatu nikaambiwa nisafishe kuta. Nikafuta. Aliporudi na maji ya kuoga akautazama ukuta, nami nikatamani ardhi ipasuke.

"Si kitu, kaka," akasema, lakini aliketi muda mrefu bila kumwogesha mtoto.

Kesho yake, siku ya mwisho ya zile wiki mbili, daktari mkubwa akapita.

"Mama wa huyu yuko wapi?"

Sista akafungua mdomo. Fundi akamtangulia.

"Abee, daktari."

Hakuna aliyecheka. Daktari akauliza, naye akajibu: katapika mara mbili, uji kanywa nusu kikombe. Halafu akataja tumbo, siku kwa siku, kutoka sentimita sitini na mbili hadi hamsini na nane, kama anayesoma ukutani. Daktari akapima mwenyewe. Hamsini na nane.

"Dawa inafanya kazi," akasema. Kisha kwa sista, "Mlezi tunaye. Asitolewe."

Mtoto alipasuliwa, akapona kidonda. Sindano zilizobaki angechomwa karibu na kwao, kwa hiyo walipoondoka sikuwaona tena. Siku ya kuondoka niliwabebea beseni hadi nje. Binti akaniaga, "Kwaheri, baba mdogo."

"Huyo si baba mdogo," fundi akamsahihisha. Akanigeukia. "Mimi humu nilikuwa mama, kwa hiyo wewe ni mjomba wake. Ukipita kwetu usibishe hodi kama mgeni."