Kihispania cha Msimu wa Pamba

Nilijifunza Kihispania kwa hasira. Sikuwa na safari ya kwenda popote na sikuwa na mpenzi ng'ambo. Baba alikuwa ameelewana na mwanamume mmoja wa Lagangabilili, aliyefiwa na mke, kwamba pamba ikishauzwa atanioa. Mwanangu, mwanamume huyo hakumtaka. Mtoto angebaki Kasoli, nyumbani kwa baba, kwa sababu kwetu mtoto aliyezaliwa kabla ya ng'ombe wa mahari ni wa babu yake. Hakuna aliyeniuliza. Mwanangu alikuwa na miezi saba na meno mawili, na yote mawili alikuwa akiyajaribu kwenye titi langu.

Nilikuwa nimefika kidato cha pili. Nalisema hilo wazi kwa sababu lilinigharimu. Shule ilinifukuza siku ile ile tumbo lilipoonekana, mchana, wenzangu wakiwa kwenye mtihani wa jiografia. Mwalimu aliyenipa hilo tumbo alihamishiwa shule nyingine, na huko nasikia anaheshimika. Basi. Simwandiki zaidi ya hapo.

Jumapili moja, pamba ilipokuwa imeanza kupasuka, Padre, Mzungu wa misheni, alitangaza baada ya misa kwamba zahanati ya misheni, nje kidogo ya Bariadi, imempata Sista muuguzi kutoka Hispania. Ni mkunga hodari, alisema, ila Kiswahili hajui, Kiingereza hajui, na umri wake si wa kuanza lugha mbili. Anatafutwa mtu aliyesoma, ajifunze lugha ya Sista, amtafsirie wagonjwa. Muda ni msimu wa pamba. Mwisho wake kutakuwa na siku ya majaribio. Atakayeweza atapata kazi, na chumba nyuma ya zahanati.

Nilisikia neno chumba. Mengine niliyasikia baadaye.

Nilihamia kwa shangazi yangu, anayekaa Bariadi na kulima pamba nyuma ya nyumba yake. Aliniangalia nikitua mzigo na mtoto.

"Hicho Kihispania kinaliwa?"

"Kinanipa chumba, shangazi."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Basi jifunze. Lakini asubuhi unachuma na mimi. Sijawahi kuona pamba iliyojichuma kwa sababu mtu anasoma."

Hivyo asubuhi nilichuma, na jua likishapita utosini nilikwenda kwa Sista. Wagonjwa walikuwa wamekwishaondoka. Barazani kulikuwa na kivuli, mkeka wa mtoto, na Sista na kitabu chake cha watoto wadogo. Malori ya pamba yalipita barabarani kuelekea kwenye mashine ya kuchambulia, na nyuma yake nyuzi nyeupe zilibaki zikielea hewani, hazipandi wala hazitui. Sista alisema neno moja, akanyamaza mpaka nilirudie. *Agua*, na kidole chake kwenye glasi. *Mano*, na mkono wake juu ya wangu. Mtoto alilala. Maneno yalikuja polepole kama nyuzi zile, na saa nyingine sikujua kama neno limetamkwa na Sista au nimeliota.

Kitabuni mlikuwa na picha ya ng'ombe. *La vaca*. Hakuwa na nundu. Nilimwambia Sista kwa Kiswahili kwamba ng'ombe huyu ni mgonjwa, naye hakuelewa, nikachukua penseli nikamchorea nundu. Alicheka mpaka akatoa miwani. Tangu siku hiyo alimwonyesha kila mgeni yule ng'ombe.

Jinsia za vitu hazikunisumbua. Lugha yao inagawa vitu vyote kuwa vya kiume na vya kike. Meza ni ya kike, kiatu ni cha kiume, mkono una mwisho wa kiume lakini ni wa kike. Kwa mtu aliyezaliwa na ngeli za Kisukuma, ngeli mbili ni mchezo. Kilichonichukua muda ni kwamba wana vitenzi viwili mahali ambapo mimi ningetumia "ni" au "yuko" bila kufikiri. Kimoja ni cha jinsi ulivyo siku zote, kingine ni cha hali uliyo nayo sasa na itakayopita. *Soy madre.* Mimi ni mama. *Estoy cansada.* Nimechoka. Niliviandika kwa mistari mirefu, mmoja chini ya mwingine, na nikiandika nilikuwa najiuliza hasira yangu naiweka kwenye kitenzi kipi. Niliiweka kwenye kile cha siku zote. Sista akaisahihisha. Nikairudisha.

Halafu kulikuwa na kile kijistari kinachokaa juu ya herufi. Kinakuonyesha ukaze sauti wapi. Kiswahili hakihitaji, hukaza pale pale siku zote. Lakini nyumbani tunasema Kisukuma, na Kisukuma kinapanda na kushuka, na hakuna aliyewahi kutuandikia kupanda huko. Nilipoona kwamba kuna watu huko mbali waliofikiri sauti ya mtu ni kitu cha kuandikwa, niliona wivu. *Algodón*, pamba, inapanda mwishoni kama mtu anayejitwisha. *Corazón*, moyo, vivyo hivyo. *Mamá*, *papá*. Bila kile kijistari, *papa* ni kiazi. Sista aliponiambia nimwandike baba wa mtoto, nilimwandika bila kijistari. Akakiweka kwa wino mwekundu. Nikachukua wembe nikakikwangua, naye akafunua ukurasa mwingine.

Jioni nilikaa na shangazi tukichambua pamba kwa mkono kabla ya kuipeleka sokoni. Nyeupe tupu inakwenda huku, hiyo ni safi. Yenye madoa na majani makavu inakwenda kule, hiyo ni fifi, na ukichanganya karani anakurudishia gunia lote mbele ya watu. Vidole vinajua kazi hiyo, kichwa kinabaki bure. Kichwani nilikuwa nafanya vile vile. Neno ninalolijua bila kusita, safi. Neno linalonikwama, fifi, lirudi kesho. Shangazi alisikia midomo yangu.

"Unaomba rozari?"

"Vitenzi."

"Ongeza na sala moja. Vitenzi havijawahi kumfukuza mchumba."

Usingizini nilitembea katika mashamba ambayo kila tumba la pamba lilikuwa limebeba kijistari chake juu, na mwanangu alikuwa anakwenda mbele yangu kwa miguu, yeye ambaye hata kukaa alikuwa hajui vizuri, akivitaja. Niliamka nikiwa nimechoka na nikiwa na furaha, nikachukua ndoo.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumatatu, soko la pamba likiwa limefungwa wiki iliyotangulia. Padre, aliyekuwa amesoma Kihispania kidogo zamani, aliweka kiti chake pembeni ya chumba cha wagonjwa, na karatasi gotini. Alinipa amri moja.

"Usiongeze neno, usipunguze neno. Wewe ni dirisha tu."

"Ndiyo, Padre."

Mtoto nilimlaza barazani na shangazi, ambaye alisema amekuja kupumzika miguu lakini hakukaa hata mara moja.

Nilikuwa dirisha safi sana. Alikuja mama mwenye mtoto wa homa, akaja mtu aliyekatwa na panga, akaja msichana mwenye jicho jekundu. Maneno yalitoka kwangu yakiwa yamevaa kila kitu chao, jinsia, wakati, kijistari. Sista alikuwa anatikisa kichwa kila sentensi kama anayesikiliza wimbo. Padre aliandika. Mimi mwenyewe nilikuwa kama niko juu ya chumba, najisikiliza. Niliona kile chumba cha nyuma. Nilikuwa nimeshatandika mkeka ndani yake.

Wa saba alikuwa bibi mmoja wa Mwamapalala. Alikuwa ametembea tangu jana yake, peke yake, na fimbo. Nilipiga goti nikamwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mama, naye akaniita mwanangu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wana wane."

Sista aliuliza, *¿Cómo está?*, hajambo? Nikamuuliza, mhola? Bibi akajibu, "Mhola duhu." Salama tu.

*Está bien*, nilimwambia Sista. Yuko salama.

Sista aliinua nyusi. Basi amekuja kwa nini? Nikatafsiri neno kwa neno, bila kupunguza. Bibi alinitazama, akamtazama Padre kule pembeni, akatazama fimbo yake.

"Nimekuja kuwasalimu," alisema.

*Ha venido a saludarnos.* Lilitoka zuri mno. Hata Padre alitabasamu. Sista alimshika bibi mikono yote miwili, akamshukuru. Bibi akasema wabeja, asante, akainuka, akatoka. Wa nane akaingia.

Wa nane alikuwa anaeleza mgongo wake, nami nilikuwa natafsiri mgongo, ndipo ile sentensi ya bibi ikanirudia kwa Kisukuma. Mhola duhu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mgonjwa mwezi mzima, na asubuhi aliyokufa, jirani alipopita na kumsalimu, alijibu mhola duhu. Hakuna Msukuma anayeanza na ugonjwa. Unasalimia, unaulizwa watoto, unaulizwa mvua, unaulizwa ng'ombe, kila kitu ni salama, na ukifika mwisho kabisa, mtu akikaa kimya vizuri, ndipo unasema kilichokutoa nyumbani. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Mimi nilikuwa nimempeleka bibi mpaka mlangoni pa maneno yake, nikamfungia, kwa sarufi isiyo na kosa. Watu hawatembei siku mbili kusalimu zahanati.

Nilimwacha mtu na mgongo wake, nikatoka.

"Unakwenda wapi?" Padre aliuliza. Sikujibu. Nilimsikia shangazi barazani akisema, "Mungu wangu, kashindwa," na mtoto akaanza kulia kwa kuniona napita bila kumchukua.

Bibi hakuwa mbali. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la pamba, ambalo sasa lilikuwa tupu. Nilikaa chini karibu naye. Nilianza upya. Nilimuuliza watoto. Nilimuuliza wajukuu. Mvua ya Mwamapalala ilikuwaje. Ng'ombe wamepata majani? Naye akaniuliza wa kwetu ni wapi, nikasema Kasoli, akamtaja ndugu yake aliyeolewa huko, tukamwongelea huyo ndugu. Kila alipojibu alivuta pumzi fupi, na mkono wake wa kushoto haukusogea kutoka kifuani. Nilikuwa nahesabu wagonjwa wanaonisubiri, na chumba kikiondoka. Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka alipopenda yeye.

"Lina jipu hapa," alisema, "titi hili. Tangu mvua za kwanza. Linatoa maji. Mle ndani kulikuwa na mwanamume mweupe anaandika."

Nilimrudisha nikiwa nimemshika kiwiko. Mlangoni nilisimama.

"Padre, naomba utoke."

"Nasimamia majaribio."

"Ana ugonjwa wa titi. Toka nje."

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Padre alikusanya karatasi zake, uso mwekundu, akatoka.

Bibi alifungua nguo. Nilipotaka kumweleza Sista, Kihispania chote kilinikimbia. Meza zikawa za kiume, vitenzi vikakosa wakati, kijistari sikukumbuka hata kimoja. Nilisema maji, nilisema mvua, nilisema aibu, nilionyesha miezi kwa vidole. Nilisema *no está bien, no está bien*. Sista alikuwa ameshainama. Mikono yake iligusa pole pole pembeni ya lile jipu, na kichwa hakutikisa tena. Alisema neno moja ambalo halikuwa kitabuni mwetu, na sikuhitaji kulijua.

Lori la mashine ya kuchambulia pamba, lililokuwa linapita hospitali kubwa, lilimchukua bibi mchana ule ule, Sista akiwa ameandika barua ya kurasa mbili. Alipopandishwa nilimuuliza unaendeleaje, mayu. Akasema mhola duhu. Sikumwona tena, na watu wa Mwamapalala niliowauliza hawakunipa jibu moja.

Padre hakusema na mimi siku hiyo wala kesho yake. Shangazi alipika, hakuniuliza. Siku ya tatu Padre alikuja mwenyewe, na Sista nyuma yake, wakiwa kama watu waliogombana njia nzima kwa lugha ambayo mmoja ndiye anayeijua vizuri.

"Uliacha kazi katikati," alisema Padre. "Uliongeza, ukapunguza. Ukanifukuza."

"Ndiyo, Padre."

"Tafsiri yako ya wagonjwa sita wa kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea."

"Ya wa saba ilikuwa nzuri pia. Ndiyo iliyotaka kumwua."

Sista alisema kitu kwa haraka, nikashika maneno mawili tu, *ella* na *conmigo*. Huyu, na mimi. Padre alitoa karatasi ya kazi. Nilisoma kila mstari, maana nimesoma mpaka kidato cha pili na sitii sahihi nisichokisoma. Kulikuwa na saa za kazi, kulikuwa na chumba. Hakukuwa na mtoto.

"Mtoto wangu hayumo humu."

"Mtoto si jambo la kuandikwa kwenye mkataba."

"Liandikwe. Atakaa chumbani na mimi, na wakati wa kazi atakuwa mgongoni au barazani. Baba yangu hasomi, lakini anaheshimu karatasi."

Padre alinitazama kama nilivyozoea kutazamwa. Kisha akaweka karatasi kwenye goti, akaandika mstari mmoja chini kabisa, na akauliza jina la mtoto linaandikwaje. Nilimtajia herufi moja moja. Nikatia sahihi, jina langu lote.

Baba alikuja na baiskeli Alhamisi kunichukua. Nilimpa karatasi, nikamwambia nina kazi na mtoto ameandikwa humo. Aliishika juu chini, kisha sawasawa, akauliza mstari upi. Nikamwonyesha kwa kidole. Aliuangalia kwa muda mrefu, akanirudishia karatasi, akapanda baiskeli na kiti cha nyuma kikiwa kitupu.