Neva za Ruba na Mkono wa Mama

Mpaka leo nikimwona ruba napandwa na hasira, na ruba mwenyewe hajanikosea kitu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mpanda. Mwaka mama alipoumia mkono nilikuwa na ruba kumi kwenye chupa ya maji, nimewatoa shambani kwa mama, kijijini Mwamkulu, kwenye mashamba ya mpunga. Wadudu hao wamemnyonya mama miguu tangu sijazaliwa.

Wakati wa mavuno mama alijikata kwa mundu, kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Zahanati walimshona ngozi, ikapona vizuri tu. Lakini kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikufa ganzi, na kiganja pia. Tabibu akamwambia wazi kwamba mshipa wa fahamu umekatika, aende hospitali ya rufaa Mbeya ukaunganishwe, na asichelewe. Mama akaja kwangu kwanza kuuliza. Kwangu! Kwa binti yake msomi!

Chupa ilikuwa mezani. Pembeni nilikuwa nimempasua ruba mmoja kwa ajili ya somo la kesho yake. Mama akainama kuangalia, na hapo domo langu likafunguka. Nikamwonyesha uzi mweupe wa mishipa ya fahamu unaopita tumboni kutoka kichwani hadi mkiani, na vinundu ishirini na kimoja vilivyopangana katikati yake. Nikamwambia kila kinundu kina seli kama mia nne, mbili kati yake ni kubwa kuliko zote, na ruba yeyote utakayempasua utazikuta palepale. Nikamweleza zinavyoanza: ruba akiwa bado kwenye yai, vinundu vinajipanga kuanzia mbele kwenda nyuma, kisha kila seli inatoa mkia mwembamba, mkia unatambaa mpaka uipate seli inayotakiwa kuungana nayo. Mama anaitikia tu, "Ehee. Ehee." Nikanogewa. Kwetu hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile.

"Na huo uzi ukikatwa?" akauliza.

"Unaota tena, mama. Unaitafuta seli ileile ya zamani na kuungana nayo."

Na ni kweli, nilifundishwa chuoni. Lakini hivi nani alinituma niishie hapo? Nilitakiwa niongeze kwamba binadamu si ruba, kwamba mkono wa mtu usiposhonwa mapema ndiyo basi tena. Sikusema. Nilikuwa nimeshahamia kwenye seli nyingine, najisifia tu.

Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikachukua bodaboda kwenda kumfuata nimpeleke Mbeya. Nikamkuta shambani na wenzake, mundu kaushika kwa mkono wa kushoto.

"Mbeya nikafanye nini? Si umesema unaota?"

"Nilisema ruba, mama! Ruba!"

"Haya, kati ya mimi na ruba, nani Mungu kamuumba kwa mfano wake?"

Wenzake wakaitikia, "Amina!" Wengine wakacheka. Wadudu nilikuwa nimemweleza taratibu, lakini habari za mkono wake mwenyewe sikuwa na subira ya kumweleza. Nikamwambia, "Basi kaa na mkono wako," nikageuza.

Sikukanyaga kule mpaka Krismasi. Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imeshabonyea. Nikambeba mpaka Mbeya, safari hii hakubisha. Daktari akamgeuza mkono, akamchoma vidole kwa pini, mama anaangalia dirishani. Akaniuliza mimi, siyo yeye, "Mlikuwa wapi muda wote huu?" Nilitamani nimtukane. Daktari akasema mshipa hauungiki tena, ganzi haitatoka.

Mwaka uliofuata nilijifungua, na mama akaja kunisaidia kulea. Siku moja mchana mtoto akawa analialia. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikamwambia mama amguse kama ana homa. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kile cha kulia, mazoea ya miaka yote. "Hana homa, anadeka tu." Nikaendelea kusahihisha.

Nilipomchukua kumnyonyesha, mtoto alikuwa moto, macho yamemgeuka. Tulikimbia naye hospitali. Malaria. Wakamtundikia dripu, na nesi akauliza homa imeanza lini. Mbele ya nesi na wale kina mama wote wodini, nikamgeukia mama yangu mzazi.

"Usimguse tena mwanangu na huo mkono!"

Mama akauingiza mkono ndani ya kanga, akatoka nje.

Mtoto alipona. Mama bado yuko kwangu, na akitaka kumbeba mjukuu wake, anakuja kwanza kuniomba ruhusa.